Kumlaza njaa mgonjwa wa ini ni kosa la tiba

Saa kumi na moja jioni ndugu hufungua hotipoti kando ya vitanda. Mgonjwa hula anachoweza, mara nyingi vijiko vichache tu, kwa sababu tumbo lililojaa maji halimwachii chakula nafasi. Kengele inalia, mlinzi anawatoa watu, vyombo vinarudi nyumbani. Kitakachoingia tena kinywani mwa mgonjwa huyo ni uji wa asubuhi, saa mbili kama mambo yamekwenda vizuri. Ni saa kumi na tano bila chakula. Mtu mwenye afya huzimaliza akaamka mzima, akaenda zake kazini. Mwenye ini lililosinyaa na kujaa makovu hawezi.

Ini ni ghala la mwili. Mchana hupokea wanga uliosagwa tumboni na kuuweka akiba; usiku hulifungua ghala hilo na kutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose. Makovu yakishaenea, ghala linakuwa dogo na akiba inaisha kabla hakujakucha. Hapo mwili hutafuta pengine pa kuchukua, na mahali pa karibu ni misuli. Huikata misuli ya mapaja, ya mikono na ya mabega, ukaigeuza sukari. Watafiti waliopima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta kwamba baada ya usiku mmoja tu bila chakula, mwili wa mgonjwa wa ini lenye makovu unajiunguza kama mwili wa mtu mzima wa afya aliyekaa na njaa siku mbili hadi tatu. Mgonjwa huyo analala hivyo leo, kesho na keshokutwa, mwezi mzima, mwaka mzima.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kumwacha mgonjwa wa ini alale bila kula, na kumpa orodha ya vyakula vilivyokatazwa bila kumwambia ale nini na kiasi gani, ni kosa la tiba. Tunaliita kosa kama tunavyoliita kosa la kumpa mgonjwa wa malaria nusu ya dozi. Linatendeka katika hospitali nyingi, linatendeka majumbani kwa nia njema, na limekaa muda mrefu kiasi kwamba watu wanalidhania kuwa ndiyo elimu yenyewe.

Mmoja wa wahariri wa dawati hili alimuuguza baba yake mdogo miaka michache iliyopita. Siku ya kuruhusiwa, mhudumu aliyekuwa na haraka aliwasomea masharti wakiwa wamesimama mlangoni: nyama hapana, mayai hapana, maharage hapana, dagaa hapana, mafuta hapana, chumvi hapana. Mama mdogo aliyaandika yote nyuma ya cheti cha dawa, kisha akauliza, “Sasa mwanangu, huyu ale nini?” Akajibiwa: uji, mboga za majani, matunda. Familia ilitii. Mzee aliishi miezi minne kwa uji mwepesi na mchicha uliochemshwa bila kuungwa. Mabega yakachongoka, mapaja yakakonda hadi suruali ikafungwa kwa kamba, na tumbo likazidi kuwa kubwa. Siku alipoomba yai, watoto wake walilia huku wakimnyima. Hakuna hata mmoja pale aliyemtakia mabaya.

Masharti yale yana asili yake, na tunaieleza ili ijulikane kwamba hayakuzuka tu. Mwaka 1877 huko St. Petersburg, daktari Mrusi aitwaye Nikolai Eck aliunganisha mishipa ya mbwa ili damu itokayo matumboni ilipite ini pembeni badala ya kuingia ndani yake. Mwaka 1893 maabara ya Ivan Pavlov katika mji huohuo ilitangaza kwamba mbwa wa namna hiyo, wakilishwa nyama, hupepesuka, hupofuka na kuzimia. Katika miaka ya 1950 madaktari wa London, akiwamo Sheila Sherlock, mwanamke aliyeweka misingi ya elimu ya ini kama tunavyoijua, waliona wagonjwa wao wakichanganyikiwa kwa namna inayofanana na ile ya mbwa, na lawama ikaiangukia amonia inayotokana na protini. Kwa elimu ya wakati ule, kupunguza nyama na mayai kulikuwa na mantiki. Hawakuwa na dawa nyingine ya maana, na wagonjwa walikuwa wanafia mikononi mwao.

Wakati huo umepita. Kuanzia miaka ya 1960 laktulosi, ile sharubati tamu inayolainisha choo na kuitoa amonia pamoja nacho, imekuwa mikononi mwa madaktari. Mwaka 2004 watafiti wa Barcelona walichapisha jaribio ambalo lilipaswa kuifunga kesi hii: waliwagawa kwa kura wagonjwa waliokuwa wamechanganyikiwa, wengine wakapewa protini ya kawaida tangu siku ya kwanza, wengine wakanyimwa na kuongezewa taratibu. Walionyimwa hawakupona haraka zaidi. Walichokipata ni miili iliyozidi kuvunja misuli yake. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa ini cha Ulaya na kile cha lishe ya hospitalini vilitoa miongozo inayosema wazi kwamba protini isipunguzwe, hata kwa mgonjwa ambaye akili imemruka kwa sababu ya ini. Kiasi wanachotaka ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kila siku, na nguvu ya kilokalori 35 kwa kilo. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko kinachotakiwa kwa mtu mwenye afya. Mgonjwa tunayemwambia ale kidogo kuliko sisi anapaswa kula zaidi yetu.

Sababu yake iko kwenye misuli. Ini likishindwa kuiondoa amonia kwenye damu, kazi hiyo huangukia misuli. Kila kilo ya msuli inayopotea ni kibarua mmoja aliyeondolewa kwenye kazi ya kusafisha damu. Kwa hiyo anayemnyima mgonjwa protini ili asichanganyikiwe anaiandaa siku ya kuchanganyikiwa kwake, kwa kuila ile nyama ya mwili iliyokuwa inamlinda. Mgonjwa aliyekwisha misuli hupatwa na maradhi mengine kirahisi, huanguka, hukaa wodini muda mrefu, na hufa mapema kuliko mwenzake mwenye ini baya kama lake ambaye bado ana nyama mwilini.

Na kuchanganyikiwa kwenyewe, kule kulala mchana na kukesha usiku, mikono kupepea, kusahau jina la mtoto, kutukana watu aliowaheshimu siku zote, mara nyingi kuna chanzo kinachoonekana kwa anayetaka kuona. Hajapata choo siku tatu. Anatokwa damu tumboni na choo kimekuwa cheusi kama lami. Maji ya tumboni yameingiwa na vijidudu. Amepewa dawa ya usingizi ambayo ini lake haliwezi kuivunja. Vidonge vya kukojoa vimemkausha. Hayo ndiyo ya kutafutwa usiku huohuo. Jamii yetu huwahi kusema pepo, na wodi zetu huwahi kusema maharage. Yote mawili yanachelewesha tiba. Kama hawezi kumeza salama, upo mpira wa kulishia kupitia puani. Kusema “tumsubiri azinduke ndipo ale” ni kuongeza siku za njaa juu ya ugonjwa.

Tuweke basi hesabu hiyo kwenye sufuria, maana gramu na kilokalori hazipikwi. Mtu ambaye angekuwa na kilo 60 bila maji ya tumboni anahitaji protini ya gramu 72 hadi 90 na nguvu ya kilokalori kama 2,100. Unga wa mahindi gramu 300 kwa siku nzima, uliogawanywa kwenye uji na ugali, unampa protini ipatayo gramu 24. Kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyoiva, gramu 22. Mayai mawili, 12. Glasi ya maziwa, 8. Viganja viwili vidogo vya dagaa wakavu wa ziwani, waliolowekwa na kuoshwa vizuri, vinaongeza 10 au zaidi. Mafuta vijiko viwili vikubwa au tui la nazi kwenye mboga, na nguvu imefika. Hakuna hapo chakula cha kuagizwa kutoka nje wala kopo la unga wa protini lenye picha ya mtu aliyetunisha kifua. Protini ya maharage, kunde, choroko na maziwa hupokewa vizuri zaidi na wagonjwa wanaochanganyikiwa kirahisi kuliko nyama nyekundu, na nyuzi zilizomo kwenye kunde husaidia choo kutoka. Chakula cha kawaida cha nyumba ya Mtanzania, yaani ugali, maharage na dagaa, ndicho kinachofaa, na ndicho kilichofutwa kwa kalamu kwenye cheti cha baba yetu mdogo.

Tatizo la kweli ni nafasi. Maji yanalisukuma tumbo la chakula, mgonjwa anashiba kabla hajala. Basi asilazimishwe sahani mbili kubwa. Agawiwe mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, kikiwa chakula kizito badala ya supu ya maji. Uji uwe na maziwa au karanga nzuri ndani yake. Mtori wa ndizi na nyama iliyosagika unamfaa hata aliyetoka kufungwa mishipa ya koo kwa kamera na kuambiwa ale vilaini siku kadhaa. Kahawa asinyimwe mzee aliyezoea kikombe chake cha kibarazani: tafiti nyingi zimewakuta wanywaji wa kahawa na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Tunalisema hili kwa sababu tumeona wazee wakinyang'anywa hata hicho.

Sasa turudi kwenye usiku, kwa sababu hapo ndipo pana dawa rahisi kuliko zote tulizowahi kuziandikia katika ukurasa huu. Kabla ya kulala, saa tatu au saa nne usiku, mgonjwa ale kitu chenye wanga wa gramu 50 hivi. Ndizi mbivu mbili. Au viazi vitamu viwili vya wastani vilivyochemshwa. Au bakuli la uji wa ulezi wenye maziwa. Huko Auckland, New Zealand, watafiti waliwafuata wagonjwa 103 kwa mwaka mzima. Wote walipewa kinywaji cha lishe chenye nguvu ileile, kilokalori 710, nusu yao wakinywa mchana na nusu usiku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliokinywa usiku waliongeza nyama ya mwili sawa na kilo mbili. Waliokinywa mchana hawakuongeza kitu cha maana. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni saa ya kukila. Tungekuwa na kidonge chenye matokeo hayo, kingekuwa kimeshasajiliwa, kimetangazwa redioni na kuuzwa ghali. Kwa kuwa ni ndizi, haziandikwi.

Chumvi inahitaji maneno ya uangalifu, maana humo mna ukweli ndani ya katazo. Mwenye maji tumboni apunguze chumvi, isizidi kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa siku, ikihesabiwa ile ya kwenye mkate na kila kitu kingine. Lakini “chumvi marufuku kabisa” humfanya mgonjwa akatae chakula chote, na aliyekataa chakula amepoteza zaidi ya aliyekula chumvi kidogo. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na bizari vipo. Mpishi mwenye huruma ataweza. Tatizo ni kwamba chumvi iliyokatazwa kwenye kikopo inarudi kwa mlango mwingine bila kutambuliwa. Inarudi kwenye vile vipande vya kuungia mchuzi. Inarudi kwenye ng'onda na samaki wa chumvi. Na zaidi ya yote inarudi kwenye magadi, ambayo bibi anayatia kwenye maharage yaive haraka, kwenye mlenda uvutike, kwenye makande. Magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi, na sodiamu ndiyo inayoyashikilia maji tumboni. Familia inaapa kwamba mgonjwa wao hajaonja chumvi mwezi mzima, na tumbo linazidi kujaa, na hakuna aliyewauliza kuhusu magadi kwa sababu miongozo ya Ulaya haiyajui. Hili ni letu wenyewe. Afisa lishe aliyekulia Dodoma au Singida analifahamu, naye ndiye anayepaswa kukaa na familia hiyo, kama angeitwa.

Anaitwa lini? Mara nyingi haitwi, kwa sababu mizani imesema mgonjwa ana kilo 74. Mizani inapima na maji. Mtu anaweza kuwa na lita kumi tumboni na mkono mwembamba kama wa mtoto, na kwenye karatasi akaonekana ana uzito mzuri. Vituo vya afya nchini vina mkanda wa rangi wa kupima mkono wa mtoto mwenye utapiamlo, na upo wa watu wazima pia. Uzungushwe kwenye mkono wa mgonjwa wa ini, kila anapofika, namba iandikwe. Mwambie akubane kidole kwa nguvu zake zote, uone. Muulize kama anainuka kwenye kiti bila kushika kitu. Hayo hayahitaji umeme.

Kuna njaa nyingine inayosababishwa na hospitali yenyewe. Mgonjwa anaambiwa asile tangu jioni kwa sababu kesho ana kipimo cha kamera. Kesho inafika, foleni ni ndefu, saa sita mchana bado yuko benchi, saa nane anaambiwa mashine ina hitilafu arudi keshokutwa, na keshokutwa anafunga tena. Kwa mgonjwa wa namna hii, kila ahirisho ni kipande cha msuli. Wagonjwa wa ini wapangwe wa kwanza asubuhi. Kipimo kikiahirishwa, wa kwanza kujua awe mwenye jukumu la chakula.

Na zipo funga za imani, ambazo tunazigusa kwa heshima. Muislamu mwenye ugonjwa wa ini uliokomaa ana ruhusa ya dini yake ya kutofunga Ramadhani, na asiyetarajiwa kupona ana njia ya kutoa fidia kwa kulisha maskini. Masheikh wetu waliseme hili mimbarini kwa sauti, maana wagonjwa wengi huona haya kula wenzao wamefunga, na huficha ugonjwa hadi wazimie. Wachungaji nao tunawaomba, na wanaoitisha maombi ya kufunga siku tatu au saba ili mgonjwa apone tunawaambia waziwazi: msimfungishe huyu. Waombeaji wafunge kwa niaba yake, yeye ale.

Hatuna heshima ya namna hiyo kwa wauzaji wa “dawa za kusafisha ini” wa stendi na wa kwenye simu. Wanamwambia mtu aliyekonda aishi kwa juisi siku kumi na nne. Wanamuuzia chupa isiyoandikwa kilichomo, na kila kilichomo lazima kipite kwenye ini lilelile lililoshindwa. Mamlaka zenye sheria mkononi ziwafuate.

Wengine watauliza kwa nini nchi itumie nguvu kwa watu “waliojitakia kwa pombe”. Kauli hiyo tunaikataa kwa sababu mbili. Pombe kweli inaua ini, na mgonjwa wa ini aache kabisa, gongo, bia na mvinyo sawasawa. Lakini mlevi aliyeumia ni mgonjwa, na yeye hasa ndiye aliyefika wodini akiwa na upungufu wa lishe, ikiwamo vitamini B1, ambayo lazima apewe. Sababu ya pili ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa hawajawahi kuonja pombe. Homa ya ini B katika Afrika huambukizwa zaidi wakati wa kuzaliwa na utotoni. Tanzania iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo walikua bila kinga hiyo, na baadhi yao wamebeba virusi kimyakimya miongo kadhaa hadi ini likasinyaa wakiwa na miaka 35 au 40, wana watoto wa shule na mkopo wa boda boda. Kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo kinaziba mishipa ya ini tangu ujana, na watu hutapika damu wakiwa bado wavuvi wenye nguvu. Hawa walijitakia nini?

Kuna na sumukuvu. Mwaka 2004 katika Ukamba, nchini Kenya, mahindi yaliyoota ukungu yaliwafanya watu 317 waugue, wakafa 125. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga, na ikikutana na homa ya ini B kwenye mwili mmoja, hatari ya saratani ya ini inaongezeka mno. Kwa hiyo tunaposema mgonjwa ale karanga na unga, tunasema karanga zilizochaguliwa moja moja, zilizokunjamana na zenye ukungu zikitupwa, na mahindi yaliyokaushwa sawasawa. Hizo zilizotupwa wasipewe kuku, wala maskini wa jirani.

Nchi hii haianzi sifuri. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu mwaka 1973. Chuo Kikuu cha Sokoine kinatoa wahitimu wa lishe, na halmashauri zina maafisa lishe ambao kazi yao yote imeelekezwa kwenye udumavu wa watoto. Ni kazi njema, lakini ofisi ya mtu huyo iko hatua chache kutoka wodi ya watu wazima na hajapewa sababu ya kuingia humo. Tulipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa mpango wa taifa mwaka 2004, tulijifunza kwamba kidonge kwenye tumbo tupu hakimfikishi mtu mbali. Kliniki za CTC, zile za wanaotumia dawa hizo, zikawa na mizani, mkanda wa mkono na mtu wa kuongea na mgonjwa kuhusu chakula. Mgonjwa wa ini hana kliniki kama hiyo. Tunaitaka.

Tunataka Wizara ya Afya itoe mwongozo wa kurasa chache, kwa Kiswahili, unaofuta kwa maneno bayana katazo la protini, unaotaja maharage na dagaa na magadi kwa majina yake, na unaobandikwa ukutani katika kila wodi ya magonjwa ya ndani. Tunataka wanaotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 wahesabu ushauri wa lishe kwa wagonjwa hawa kuwa tiba inayolipiwa. Tunataka asiwepo mgonjwa wa ini anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila cheti cha chakula kilichoandikwa kwa mwandiko unaosomeka, na ndugu anayempikia akiwa amesikilizwa. Hayo yatachukua muda na vikao.

Lakini ndizi mbili za saa nne usiku hazihitaji kikao. Mganga mfawidhi anaweza kuamua leo mchana. Geti likifungwa, ndugu waruhusiwe kuacha kibakuli chenye jina la mgonjwa, na asiye na ndugu mjini jiko la hospitali limchemshie kiazi. Muuguzi wa zamu ya usiku anayepita na sinia la dawa apite na kibakuli hicho, amwinue mgonjwa akae, amsubiri atafune, kisha aandike kwenye faili, hapohapo chini ya dozi ya laktulosi: amekula, au hakula, na kwa nini.